Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwalimu Aandikwe Kama Alivyo

Ndugu wanachama, wamiliki, mameneja na wakuu wa shule zetu binafsi, salaam kwenu wote na poleni na pilikapilika za kufunga mwaka, najua wengine mnasoma hii huku mnapiga hesabu za mishahara na za Januari. Mambo ya fedha atayasoma mtunza hazina kwenye mkutano, hesabu zimekaguliwa na ziko sawa, wale ambao ada haijakamilika atawatafuta mwenyewe. Mitihani ya ujirani mwema tumefanya, michezo tumefanya, nawashukuru kamati zote mbili. Nafasi iliyobaki naomba niitumie kwenye jambo moja ambalo ndo limekula muda wetu mwingi mwaka huu na lilistahili kabisa, yaani taarifa za sifa za walimu wetu tunazozipeleka serikalini.

Wote mnajua sensa ya elimu, kila mwaka fomu zinakuja au mfumo unafunguliwa, shule inajaza wanafunzi, madarasa, vyoo, madawati, halafu unafika ukurasa wa walimu. Jina, jinsia, kiwango cha elimu, kiwango cha taaluma ya ualimu, masomo anayofundisha. Ukurasa wa wanafunzi tunaujaza kwa umakini kwa sababu makosa yake yanarudi haraka, jina la mtoto likikosewa kwenye PReM, ule mfumo wa Baraza la Mitihani wa kusajili wanafunzi, mzazi atakuja ofisini kabla hata ya mtihani na hatoki mpaka lirekebishwe. Wa mwalimu hauna mtu wa kuudai. Mwalimu mwenyewe mara nyingi hajui ameandikwaje, mkuu wa shule anasaini, afisa vifaa na takwimu wa halmashauri anapokea kwa sababu siku ya mwisho imefika na bado anazisubiri shule nyingine, imeisha.

Sasa ile namba haiishii pale. Inapanda mkoani, inaenda TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, inaingia kwenye kitabu cha takwimu za elimu cha taifa, na humo ndo wanapiga uwiano wa wanafunzi kwa mwalimu mwenye sifa, ambao ni kitu tofauti na uwiano wa wanafunzi kwa mwalimu yeyote tu. Kwenye malengo ya maendeleo endelevu ya Umoja wa Mataifa pia kipo kipengele 4.c kinachohusu walimu wenye sifa, na nchi inatoa taarifa kwa kutumia hizihizi fomu zetu zilizojazwa na sekretari saa kumi jioni. Kwa hiyo shule kumi zikiandika kwamba wana walimu wa Fizikia wenye sifa wakati hawana, huko juu inaonekana wilaya ile haina shida ya Fizikia, halafu sisi haohao tunalalamika kwamba walimu wa sayansi hawapatikani na vyuo havitoi wa kutosha. Tatizo tumelifuta wenyewe kwenye karatasi.

Mwaka huu tulikubaliana shule zenye utayari zifungue mafaili ya walimu na kulinganisha na kilichotumwa, cheti mkononi, fomu pembeni, mstari kwa mstari. Nawashukuru sana waliokubali kwa sababu si jambo jepesi kumfungulia mwenzako kabati. Sitataja shule wala mwalimu, ila mliyoyaona naomba niyaseme ili wengine wajue pa kuangalia.

Kubwa kuliko yote ni kuchanganya elimu na taaluma. Nilikaa na mkuu mmoja wa shule na mwalimu wake wa Kemia, kijana mzuri mno, darasani anashika watoto mpaka unafurahi, ana shahada ya sayansi. Kwenye fomu kiwango cha elimu kimeandikwa shahada, sawa, na kiwango cha taaluma kimeandikwa shahada tena. Nikamuuliza, mwalimu, ualimu ulisomea wapi? Akaniambia, "Mwenyekiti, mimi ualimu sijasomea, nilikuja kujitolea baada ya chuo nikabaki, hiyo sehemu nimeikuta imejazwa." Mkuu wa shule akasema alivyoelewa yeye, shahada ni shahada. Hapana jamani. Shahada ya sayansi peke yake inakupa somo, haikupi ualimu, ualimu unaupata kwenye shahada ya ualimu yenyewe au kwenye ile stashahada ya uzamili, PGDE, ambayo hata Chuo Kikuu Huria wanatoa na mtu anasoma akiwa kazini. Na kwa ambaye hajasomea ualimu sheria haijamfungia mlango, Sheria ya Elimu ya 1978 imeweka leseni ya kufundisha, inaombwa, inatolewa na Kamishna wa Elimu, ina muda wake. Kijana yule angeandikwa alivyo angekuwa ameshaombewa leseni zamani na pengine PGDE kashamaliza, lakini kwa kuwa kwenye karatasi ni mwalimu kamili hakuna aliyeona haja ya kumsomesha. Hilo ndo linaniuma, aliyeumia ni yeye.

La pili ni kunakili ya mwaka jana. Faili la Excel linafunguliwa, mwaka unabadilishwa juu, linatumwa. Mwalimu aliyehamia shule jirani tangu muhula wa kwanza bado yupo, na kule alikohamia naye yupo, mtu mmoja anafundisha shule mbili kwenye takwimu za serikali. Aliyeingia na cheti cha Daraja la III A akajiendeleza jioni na wikiendi mpaka akapata stashahada bado anasomeka cheti, kwa maana hiyo kosa si la kupandisha tu, wapo tunaowashusha. Na hili la sasa ni zito zaidi kwa sababu Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 Toleo la 2023, ile iliyozinduliwa Dodoma mwanzoni mwa 2025, imesogeza ualimu kuanzia ngazi ya stashahada, kwa hiyo mama aliyejinyima akasoma halafu tukamwacha kwenye cheti tunamweka kundi la watu ambao wataulizwa maswali, bila kosa lolote.

Majina nayo. Dada mmoja cheti chake cha kidato cha nne kina majina matatu ya baba na babu, cha ualimu kina mawili, kitambulisho cha NIDA kina jina la mume, na kwenye fomu ya shule wameandika jina tunalomwitia staffroom. Ni mtu mmoja huyohuyo na vyeti vyote ni halali, lakini mtu wa ofisini asiyemjua anaona watu wanne. Dawa yake inajulikana, hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kama amebadilisha kweli, na kwenye fomu liandikwe jina la kwenye cheti cha taaluma kama lilivyo, herufi kwa herufi, hilo la staffroom libaki staffroom. Namba za mtihani vilevile, wengi wetu tulirisiti, mtu ana cheti cha shule chenye namba inayoanza na S na cha mtahiniwa wa kujitegemea kinachoanza na P, halafu shule inaandika namba ya cheti kimoja na alama za kingine. Andikeni vyote viwili. Kurisiti hakujawahi kuwa aibu.

Walimu wetu kutoka Kenya na Uganda, mnajua shule nyingi za kiingereza zinawategemea, vyeti vyao vya sekondari vinahitaji ulinganifu wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, na shahada zao zinahitaji kutambuliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, mbali kabisa na kibali cha kazi na cha ukaazi. Wapo wanachama wanaoamini kibali cha kazi kikishatoka na sifa zimeshathibitishwa. Hizo ni ofisi tofauti na kila moja inaangalia jambo lake.

Halafu kuna jipya, mkondo wa amali, yaani wa ufundi, ulioanza Januari 2024 kwa kidato cha kwanza kwenye baadhi ya shule. Wanachama walioingia huko wameajiri mafundi kweli, fundi umeme, fundi ushonaji, mwenye cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na uzoefu wa miaka, na mimi nawapongeza maana mtoto anahitaji kumwona mtu anayeijua kazi. Ila kwenye fomu wamewaandika walimu wenye stashahada kwa sababu walihisi cheti cha ufundi kitaonekana kidogo. Fundi aandikwe cheti chake cha ufundi, na kwenye taaluma ya ualimu iandikwe kwamba hana, halafu tumpeleke, kile chuo cha walimu wa ufundi stadi cha Morogoro kipo kwa kazi hiyo.

Najua kinachowatia hofu, mmeniambia kwenye simu na wengine ana kwa ana, kwamba mwenyekiti ukisema tuandike ukweli wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakija watatufungia. Sitadharau hofu hiyo, mtu ameweka maisha yake kwenye shule. Lakini tukumbuke 2017. Tarehe 28 Aprili mwaka ule pale Chuo Kikuu cha Dodoma Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti, watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, na wengi tuna ndugu au jirani aliyeguswa, shule za serikali zilibaki na mapengo katikati ya muhula. Uhakiki ule ulikuwa wa watumishi wa umma, shule zetu haukuzifikia, na nadhani hapo ndo baadhi yetu tulipojisahau. Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ilipitishwa 2018 na yenyewe haibagui, mwalimu wa serikali na wa binafsi wote wanatakiwa kusajiliwa, na atakayesajiliwa atasajiliwa kwa vyeti vyake, si kwa alichoandikiwa na sekretari. Siku karatasi zetu na za Bodi zitakapowekwa meza moja, shule iliyoandika "hana sifa, ameombewa leseni, yupo masomoni" ina cha kujieleza, maombi yapo, risiti za ada zipo. Iliyoandika shahada hewa haina, na ile saini ya chini kwenye fomu ni ya mkuu wa shule kwa jina lake.

Pia nimewasikiliza wathibiti ubora wa kanda yetu, tulikaa nao kikao kimoja kizuri sana, na walichosema ni kwamba mwalimu asiye na sifa akitajwa wazi wanaweza kushauri, akifichwa wakamkuta wenyewe wanaanza kuutilia shaka ukurasa mzima. Mimi naamini hivyo. Ningekuwa mimi ndo mkaguzi ningefanya vilevile.

Jambo lingine ambalo halijazungumzwa vya kutosha ni jinsi tunavyosafirisha hivi vyeti. Mtu wa halmashauri akiomba nakala tunapiga picha kwa simu tunatupia kwenye group la WhatsApp la wakuu wa shule, cheti cha mwalimu, namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa, vyote hadharani kwa watu mia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu sisi shule moja kwa moja. Kuna mwalimu aliona cheti chake kwenye simu ya mtu asiyemfahamu akaja kuniuliza kwa upole kabisa, "Mwenyekiti, hiki kimefikaje huku?" Tumeshaziomba ofisi husika zipokee kwa barua pepe ya ofisi au kwenye mfumo wenyewe, na kwa upande wetu naomba iwe marufuku kuanzia leo, hata kama anayeomba anakusukuma.

Kwa mwaka ujao kamati inaleta mapendekezo kwenye mkutano mkuu na tutayapigia kura. Kila mwalimu asome na kusaini mstari wake kabla fomu haijatumwa, hilo ndo kubwa, maana hakuna mtu anayejua vyeti vya mtu kuliko mwenyewe. Kila shule iwe na faili moja la karatasi kwa kila mwalimu, nakala zikiwa zimelinganishwa na vyeti halisi na aliyelinganisha aandike jina lake na tarehe. Mwalimu mpya asiingizwe kwenye mfumo mpaka shule aliyotoka imemwondoa, simu moja tu kati ya wakuu wawili inatosha. Na umoja uanzishe mkopo mdogo wa ada kwa walimu wanaosoma PGDE au stashahada wakiwa kazini, mtunza hazina ameshaandaa hesabu yake na atawaonyesha, kuna wanaotaka ukopeshwe kwa shule na si kwa mwalimu, mimi naona akopeshwe mwalimu kwa sababu akihama deni na cheti vyote anahama navyo, lakini tutabishana siku hiyo.

Wale ambao taarifa zenu za mwaka huu zimeshatumwa na mmeona zina makosa, msisubiri sensa ijayo. Andikeni barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kupitia kwa afisa elimu wenu, tajeni mstari, kilichoandikwa na kinachotakiwa kuandikwa, ambatanisheni nakala, bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Shule ambazo zimeshafanya hivyo zimepokelewa vizuri na zimerekebishiwa. Mfano wa barua uko kwa katibu, mwombeni awatumie, na mkuu wa shule yeyote anayetaka mtu wa kukaa naye kupitia mafaili anipigie tupange siku kabla shule hazijafunguliwa.