Kwa vijana wa baraza letu: binti mliyemzomea

Wajukuu zangu,

Asalaam aleikum, na msio Waislamu hamjambo. Nimekaa siku tatu nikimeza mate kabla ya kushika kalamu, maana nilipotoka ukumbini Jumamosi nilikuwa na maneno ambayo mzee hapaswi kuyatoa mbele ya watoto wa wenzake.

Mlitualika wazee tuje kusikiliza vijana mnajipangaje kwa uchaguzi wa Agosti 2027. Nikaja, nikapewa kiti cha plastiki karibu na feni, nikafurahi. Akasimama binti mmoja na daftari la miraba, lile la hesabu. Akasema tuandike mambo matatu ambayo hatuyaachi hata kwa dawa, na mengine yote tuyapeleke mezani kwa makundi mengine yanayotaka mageuzi, ili mwisho asimame mgombea urais mmoja. Hajafika jambo la pili, mtu akapiga kelele nyuma: "Msaliti!" Mwingine: "Umekula ngapi?" Binti akafunga daftari. Akaketi.

Maikrofoni ikachukuliwa na kijana mmoja mcheshi kwelikweli, sikatai. Akaanza kumwiga mzee mmoja anayetajwa kuwania, jinsi anavyotembea akiburuta mguu. Akakata ukumbi mzima kutoka mlangoni hadi jukwaani, anachechemea, mkono kiunoni. Mlicheka mpaka viti vikagongana. Nami midomo ilinicheza kabla sijajishika, na ndiyo sababu hasira yangu nusu yake ni juu yangu mwenyewe.

Mnanijua. Tangu vyama vingi virudi sijawahi kuipigia serikali kura hata moja. Napenda katiba, napenda mtu aseme atakalo asilale ndani, napenda mwanamke agombee bila kuulizwa ameolewa na nani. Wengine huniita mliberali, wengine mkaidi. Kwa hiyo msinisome kama mtu aliyetumwa.

Nianze na mwaka 1992, na mtanisamehe nikikawia hapo.

Tulikuwa na FORD moja, chama cha upinzani, ikajaza viwanja. Kufika uchaguzi wa tarehe 29 Desemba ilikuwa imeshapasuka: Kenneth Matiba na FORD-Asili, Jaramogi Oginga Odinga na FORD-Kenya, Mwai Kibaki naye na chama chake cha DP pembeni. Mimi nilikuwa wakala wa chama kimojawapo, na rafiki yangu wa utotoni, tuliyevua naye pweza tukiwa hatujui kuvaa suruali, alikuwa wakala wa kingine. Hatukuwa tumesalimiana miezi minne. Nilimwona yeye ni adui mkubwa kuliko KANU, chama tawala cha Rais Moi.

Siku hizo kura hazikuhesabiwa kituoni. Masanduku yalisafirishwa mpaka ukumbi mmoja wa eneo bunge, nasi tukakesha tukiyalinda. Rafiki yangu alikuwa na chupa ya chai. Mimi nilikuwa na mahamri. Yeye hakunipa chai, mimi sikumpa mahamri. Saa tisa usiku wakala wa chama tawala, mzee mnene mwenye kofia ya viua, akaja na chupa yake na vikombe vitatu, akatumiminia wote wawili. Akasema, "Kunyweni wanangu. Kazi yangu mmenifanyia nyinyi." Akacheka peke yake. Sisi hatukucheka, wala hatukutazamana.

Moi alishinda kwa takriban asilimia 36. Matiba alipata kama 26, Kibaki 19, Jaramogi 17. Jumlisheni wenyewe, simu mnazo. Ndiyo, kulikuwa na wizi na vitisho, na Bonde la Ufa damu ilimwagika. Lakini zaidi ya Wakenya sita kati ya kumi walimkataa mtu yule kwenye karatasi, akarudi Ikulu. Mwaka 1997 tukarudia mchezo uleule, akarudi tena. Vita vya panzi furaha ya kunguru, na kunguru wetu alikula miaka kumi.

Tarehe 14 Oktoba 2002, Raila, Mungu amrehemu, akasimama Uhuru Park akasema "Kibaki Tosha". Maneno mawili tu, yaani Kibaki anatosha kuwa mgombea wetu mmoja. Yeye mwenyewe alikuwa anautaka urais, kila mtu akijua, na akaumeza. Jioni ile rafiki yangu alikuja barazani kwangu mikono mitupu. Miaka kumi hajakanyaga. Akaketi, akasema, "Leo nimekuja kunywa kwenye chupa yako, maana yangu ilikupita." Nikacheka mpaka mke wangu akatoka kuuliza kuna nini. Hatukuombana radhi siku ile wala siku nyingine yoyote. Alifariki tukiwa hivyohivyo.

Sasa yule mliyemwiga anavyochechemea. Desemba ile Kibaki alipata ajali ya gari katikati ya kampeni. Aliapishwa tarehe 30 akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa plasta, na Uhuru Park watu walipanda miti wamwone. Hakuna aliyesema huyu hawezi kutembea. Tulikuwa tumechoka na watu wanaotembea vizuri.

Mtaniambia, mzee, maafikiano hayo yaliishia wapi? Swali zuri. Yaliishia kwenye hati ya makubaliano iliyoandikwa kwa viongozi, wananchi hatukuiona, na walipoingia madarakani ikatupwa. Mwaka 2005 wakagombana kwenye kura ya maoni ya katiba, huku ndizi ya ndiyo huku chungwa la hapana, na 2007 tukachinjana. Zaidi ya watu 1,100 walikufa kabla ya Kofi Annan kuwakalisha wakubwa tarehe 28 Februari 2008 wakagawana nusu mkate, serikali ya pamoja. Mwaka 2018, tarehe 9 Machi, handisheki: Rais Uhuru Kenyatta na Raila wanatokea kwenye ngazi za Harambee House wameshikana mikono, na hata washirika wao wa karibu wameshtukia televisheni kama sisi. Ikazaa BBI, mpango wa kubadilisha katiba, ikafia Mahakama ya Juu mwaka 2022. Machi 2025, hati nyingine ya mambo kumi, kati ya Ruto na Raila, pale ukumbi wa KICC.

Kwa hiyo naelewa kwa nini neno maafikiano linawanuka. Mmeona mapatano yanayofanywa baada ya kura, gizani, watu wameshazikwa, na kinachogawanywa ni viti. Lakini binti yule hakuwaomba hayo. Alitaka mapatano ya kabla ya kura, mchana, yaandikwe kwenye daftari ambalo kila mtu anaweza kulisoma. Hivi hamkuona tofauti, au hamkumpa muda wa kuieleza?

Nije kwenye vichekesho, maana baadhi yenu mnadhani nawakataza. Nani awakataze? Wakati wa Moi tulicheka kwa kunong'ona. Mwandishi Wahome Mutahi alifungwa miaka ya 80, akatoka akaendelea kutuchekesha gazetini. Kisha wakaja vijana wa Redykyulass wakamwiga Moi kwenye televisheni, fimbo na sauti ile ya kukwaruza, mwenyewe akiwa bado Ikulu. Siku ya kwanza kuwaona niliamka nikafunga dirisha. Siku ya tatu nililiacha wazi. Hivyo ndivyo hofu ilivyotutoka.

Na nyinyi mmetuzidi. Lile jina la Zakayo mlilompa Rais Ruto kwa sababu ya kodi! Mimi sijasoma Injili, jirani yangu Mkamba ndiye aliyenieleza habari ya mtoza ushuru mfupi aliyepanda mkuyu akaambiwa ashuke. Nilicheka nikakohoa. Neno moja lilibeba mswada mzima wa fedha. Tarehe 26 Juni 2024 akasema hatautia sahihi, baada ya makumi ya vijana kupigwa risasi, na hilo si la kuchekwa. Desemba ileile wenzenu wakatekwa kwa sababu ya picha na vibonzo vya mitandaoni. Serikali yenye bunduki na helikopta inamkimbiza mtoto mwenye simu iliyopasuka kioo. Hapo nani mkubwa?

Lakini kuchekesha hakutoshi. Wajackoyah, mgombea urais mwaka 2022, alituahidi bangi ya kulipa deni, mashamba ya nyoka, makende ya fisi ya kuuza nje na wiki ya kazi ya siku nne. Kila kijiwe kilimwimba. Kura 61,969 nchi nzima. Ruto na Raila walitenganishwa na 233,211. Watu walicheka kwake wakaenda kupiga kura kwingine.

Na mzaha una desturi zake. Kwetu babu humwita mjukuu wa kike "mke wangu", naye humjibu kwamba hana haja ya mume asiye na meno. Babu hacheki kwa kujilazimisha, hucheka kwa sababu ni kweli na kwa sababu kesho atarudishia. Lakini humtanii mtu kwa kile asichoweza kukivua: mguu, kabila, utasa, rangi. Na ukitania wenzako wote bila kujitania mwenyewe hata mara moja, hilo si utani, ni ubabe wenye meno meupe. Nawaambia haya kwa sababu nimeona, miaka hii yote, kwamba asiyeweza kujicheka hawezi kulegeza kamba. Kila hatua ya kurudi nyuma kwake ni aibu. Rafiki yangu aliweza kurudi barazani kwa sababu alijua kujicheka. Mimi, aliyekuwa na kiburi zaidi, ningekufa na mahamri yangu mkononi.

Mengine kwa ufupi. Jiandikisheni kwa tume ya uchaguzi, IEBC. Nauli ya mwanasiasa si nauli, ni hongo. Wagombea wanawake msiwaite majina yale, nimeyasikia. Wakala wenu awe na tochi, chakula na namba ya wakili, na asiondoke kituoni mpaka fomu ya 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, itiwe sahihi na yeye aipige picha. Msiposhinda msichome duka la mtu.

Na mkutano ujao, kabla ya dua, kabla ya kutambulisha wageni, binti yule arudishiwe maikrofoni. Alikuwa amefika jambo la pili.

Babu yenu wa karibu na feni