Mgeni wa arusi Mombasa aelezwe kwanza upande wa maji

Mhariri,

Shule zikishafungwa, iwe Agosti au Disemba, Mombasa haipumui kwa arusi. Kadi zinazotumwa ni nzuri, zina utepe na harufu ya marashi, ila mgeni wa Kisumu, Tanga au Muscat akizisoma haoni lolote la kumfikisha ukumbini. Tunawaomba wenye arusi watie ndani ya bahasha karatasi ya pili yenye maelezo ya njia na saa. Kwa wageni ambao hawataipata, haya ndiyo ambayo ingefaa waambiwe.

La kwanza ni upande wa maji. Mombasa mjini ni kisiwa. Kaskazini kuna daraja la Nyali, magharibi kuna Makupa, na kusini ni feri ya Likoni. Mgeni huona hoteli ya Diani, kusini ng'ambo ya feri, kwenye simu, bei imempendeza, na ramani inamwambia ni kilomita thelathini hivi. Haimwambii kuhusu foleni. Feri yenyewe huvuka kwa dakika chache tu, ila gari laweza kusubiri zaidi ya saa nzima kabla ya kupanda. Asubuhi wimbi ni la wanaoingia kisiwani, jioni ni la wanaorudi Likoni. Wanaovuka kwa miguu hawalipi, na zamu yao huja upesi kuliko ya magari, kwa hivyo aliyekwama na saa imemtupa mkono amwachie dereva gari, avuke kwa miguu, achukue tuktuk ng'ambo ya pili. Hata anayekuja na basi la Tanga kupitia mpaka wa Lunga Lunga anaweza kufanya vivyo hivyo.

Arusi ikiwa kisiwani, lala kisiwani au Nyali. Msongamano wa jioni darajani Nyali ni wa watu wanaotoka mjini, nawe utakuwa unaingia, na usiku wa manane ukirudi barabara ni nyeupe. Kulala Mtwapa, kaskazini zaidi ya Nyali, ni hadithi nyingine: ile barabara ya Malindi haina ahadi. Arusi ikiwa Diani, na wewe unatoka Nairobi kwa gari au kwa treni, usiingie kisiwani kabisa. Pitia barabara ya Dongo Kundu kutoka Miritini, utatokea barabara ya Lunga Lunga bila kuiona feri.

Treni ya SGR, ile reli mpya ya Nairobi, inaishia Miritini, bara, si mjini. Kutoka hapo hadi Mji wa Kale weka saa nzima, maana malori ya bandarini hayana wakati maalumu. Nauli ya Nairobi hadi Mombasa tangu Januari 2024 ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Tikiti hukatwa kwa simu kupitia *639#, na za Disemba hazingoji wiki ya arusi. Jina na nambari ya kitambulisho viwe vyako mwenyewe, na kitambulisho halisi uwe nacho mkononi. Treni ya saa tisa alasiri humfikisha mtu Mombasa baada ya saa mbili usiku. Mwanamume aliyealikwa nikaha ya usiku huo asiipande hiyo. Mwenye pasipoti ya Oman au Uingereza aombe kibali cha kuingia nchini, eTA, kwenye intaneti angalau siku tatu kabla ya safari.

Sasa saa, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Mkiambiwa na wazee kwamba shughuli ni "usiku wa Ijumaa", ulizeni tarehe. Kwa hesabu ya zamani siku huanza jua likizama, kwa hivyo usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. "Ijumaa usiku" ni kitu kingine. Kuna watu wamefika na suti zao siku moja baada ya arusi.

Saa ya wanaume ni ya kweli, ya wanawake ni ya kadi tu. Nikaha hufuata swala. Ikiandikwa "baada ya Isha", basi imamu akitoa salamu shughuli inaanza, na mara nyingi ndani ya nusu saa mume ameshajibu, halua imepita na kahawa imekwisha kumiminwa. Fika kabla ya adhana. Kanzu na kofia ni heshima, ila si lazima. Suruali ndefu na shati la mikono mirefu vinatosha, na viatu viwe vya kuvuliwa upesi. Msikiti ukiwa Mji wa Kale, mwenye tuktuk umtajie mtaa pamoja na msikiti: Kibokoni, Mkanyageni, Mlango wa Papa. Nambari ya nyumba haitamsaidia. Bei mpatane kabla ya kupanda. Gari kubwa liache upande wa Fort Jesus, kwa sababu vichochoro vya mbele vina upana wa mkokoteni.

Kupamba, yaani usiku wa kumwonyesha bibi arusi aliyepambwa, ni kwa wanawake pekee. Kadi ikisema saa mbili usiku, bibi arusi huenda akaletwa saa tano, pengine saa sita, kwa hivyo kula kitu cha kushika tumbo kabla ya kutoka. Sambusa na katlesi za ukumbini ni za kuchangamsha mdomo. Nguo ya kupendeza huvaliwa ndani ya buibui, na buibui huvuliwa ukishaingia. Kwa sababu hiyo hiyo, simu huchukuliwa mlangoni au kamera yake hubandikwa karatasi: ndani wamo wanawake waliojiachia, na picha moja ikitoka imeshavunja nyumba ya mtu. Basi kabla ya kuikabidhi simu, mpatane na dereva saa na mahali pa kukutana, maana hutaweza kumpigia. Watoto waulizieni mapema. Kumbi nyingi huwarudisha mlangoni. Kukiwa na taarabu mtaona watu wakiinuka kutunza, yaani kumpa mwimbaji pesa. Noti za shilingi 50 na 100 zivunjeni mchana, kwani usiku hakuna wa kuwavunjia.

Zawadi ya leso, yaani kanga, inunuliwe Biashara Street, na isinunuliwe saa sita mchana siku ya Ijumaa, wakati milango imefungwa kwa swala. Ikunjueni yote kabla ya kulipa. Tazameni kama pindo limekaa sawa pande zote nne na kama rangi imepenya upande wa pili. Kisha soma jina, yaani yale maandishi ya chini. Hapa mgeni huumia. Amependa rangi, amebeba, akampa mama wa bwana arusi leso iliyoandikwa "Hasidi hana sababu", na mama yule atakaa wiki nzima akiuliza hasidi ni nani. Mkikosa jina la kufaa, chukueni kisutu. Ndiyo leso ya arusi tangu zamani. Leso huja mbili zikiwa zimeshikana. Zikateni na kuzipinda kwa mafundi walio papo hapo, kwani leso isiyopindwa huanza kuchanika nyuzi siku ya kwanza. Ifuliwe peke yake, hutoa rangi.

Kwenye karamu, sinia moja la pilau au biriani huliwa na watu wanne au watano. Mkono wa kulia, na kila mtu upande wake. Nyama ya katikati mwachieni mkubwa wenu aigawe.

Nyumba nyingi za mjini zina maji ya kisima, nayo yana chumvi. Sabuni haitoi povu na nywele hukakamaa, kwa hivyo bibi anayekwenda kupamba aweke ndoo moja ya maji matamu kando kwa kichwa chake. Ya kunywa nunueni. Wakati wa kaskazi, Disemba hadi Machi, kitambaa cha nailoni kitawatesa.

Wanaotaka kuogelea Bamburi au Nyali waulize kama ni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana. Mwezi ukiwa mpevu au umeandama, maji hupwa mbali sana katikati ya asubuhi na kuacha miamba na miiba. Vaeni viatu vya mpira, au mngoje alasiri maji yajae.

Na treni ya kurudi ya saa mbili asubuhi, msiikatie tikiti kwa kesho yake ya kupamba. Ukumbi hutoka saa nane za usiku, na Miritini mnatakiwa kufika saa moja. Chukueni ya saa tisa alasiri, mpate na wakati wa mahamri na mbaazi kwa wenyeji wenu.

Wenyeji wa Kibokoni,
Mombasa