Picha za Sabaki zipo, kazi ni kuzipata

Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Malindi. Nilihitaji picha za setilaiti za mto Sabaki, nikaenda ofisi moja ya umma. Nikaambiwa nilete barua yenye muhuri, kisha nisubiri. Nikasubiri weee!

Aliyeniokoa ni kijana wa saiba, duka la intaneti. Kumbe picha za Landsat (setilaiti za Marekani zinazopiga picha za ardhi), zilizoanza kupigwa mwaka 1972, serikali ya Marekani inazitoa bure tangu 2008. Unajisajili tu, unachagua mahali na tarehe.

Darasani tuliona tope jekundu la Sabaki likitapakaa baharini. Msichana mmoja akauliza, “Mwalimu, huu udongo umetoka shamba la nani?” Nikamwonyesha mto ukipanda hadi Athi, huko bara. Somo likapita kengele.

Hapa jirani, Ngomeni, ndiko setilaiti ya Uhuru ilikorushwa tarehe 12 Desemba 1970. Leo mwalimu wa pwani hajui aanzie wapi. Naomba wahusika serikalini watoe mwongozo wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili: data gani ipo, iko wapi, inapatikanaje. Na wasidai muhuri.

Mwalimu, Malindi