Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, 2025: mwaka wa magamba ya kombe, otchili na ugomvi wa kashu

Wanachama wenzangu, habari za siku. Mlioko Seoul, Ansan na Busan, na nyie mliorudi Dar na Mombasa mkabaki kwenye grupu mnasoma kimyakimya bila kujibu, wote nawasalimu. Katiba inasema mwenyekiti atoe taarifa kabla ya mkutano mkuu na hii ndiyo yenyewe, katibu ameniomba niiandike kirasmi ila mnanijua, nikiandika kirasmi nasinzia mwenyewe kabla sijafika ukurasa wa pili.

Mkutano uliopita mlilalamika kwamba chama chetu cha kujifunza ufundi wa Kikorea kinagusa kila kitu, leo karatasi za hanji kule Jeonju, kesho kushona vitambaa vya bojagi, keshokutwa mitungi ya onggi, na mwisho wa mwaka hakuna anayejua kufanya hata kimoja mpaka mwisho. Kamati ikakaa, ikaamua mwaka huu tubanane na kitu kimoja tu, najoni, yaani zile kazi za mbao zilizopakwa lakari nyeusi (rangi ya utomvu wa mti, ndiyo otchili) na kupambwa kwa maua na ndege wa gamba la kombe la baharini linalong'aa, ambazo kila aliyewahi kuingia nyumba ya bibi wa Kikorea amezikuta kwenye kabati la nguo. Kuna walionuna (watu wa bojagi mnajijua) lakini naona tulifanya vizuri, nitaeleza kwa nini, na ule ugomvi wa kashu, rangi ya mafuta ya korosho, nao nitauweka mezani maana najua ndio mnaousubiri.

Kwa mliojiunga karibuni, historia kidogo. Najoni ilitamba hasa enzi za Goryeo, ufalme uliokaa kuanzia 918 mpaka 1392. Mjumbe wa China aitwaye Xu Jing alifika pale 1123 akaandika kuisifu kazi hii kwa ufundi wake wa vitu vidogovidogo, na Mchina kusifu lakari ya jirani si jambo la kawaida. Mwaka 1272 serikali ikafungua ofisi maalumu ya kutengeneza masanduku ya kuwekea vitabu vya dini ya Budha kwa sababu malkia wa utawala wa Yuan wa kule China aliyataka. Siku zile walichanganya kombe na waya mwembamba wa shaba uliosokotwa, na gamba la kasa ng'amba ambalo walilipaka rangi upande wa nyuma, nyekundu au njano, ili rangi ionekane kupitia gamba lenyewe. Ndiyo, ng'amba, huyu huyu wa Mafia na Lamu, na kwa vile biashara yake imepigwa marufuku kimataifa msiniulize tena lini tutajifunza hilo. Kazi za Goryeo zinazojulikana duniani kote hazifiki 20 na nyingi ziko nje ya Korea. 2023 sanduku moja la karne ya 13 lilirudishwa kutoka Japani, lina vipande vya kombe kama 45,000, elfu arobaini na tano jamani, kwenye sanduku ambalo ungelibeba kwapani ukapanda nalo basi.

Safari kubwa ya mwaka ilikuwa Tongyeong, kule kusini kabisa, na hapa niwashukuru waliochangia mafuta na wale waliovumilia muziki wa dereva. Kwa nini Tongyeong? Kwa sababu 1604 makao makuu ya jeshi la majini la mikoa mitatu ya kusini yalihamishiwa pale, na jeshi likaja na karakana zake, za mafundi wa gati (zile kofia nyeusi za jadi za Kikorea), wa vyombo vya shaba, wa feni za mkono, wa najoni na wengineo, wakawa wanatengeneza mahitaji ya jeshi na zawadi za kupeleka ikulu. Watu wanaziita karakana kumi na mbili ingawa ukihesabu unaweza kupata zaidi. Makao yale yalivunjwa 1895 lakini ufundi ulikuwa umeshaingia kwenye familia za mji, na bahari ya pale ina kombe la jonboki, hili tunaloliona sokoni wakilitia kwenye uji wa wali, ndani lina kijani na bluu na waridi vinavyobadilika ukiligeuza. Nasema hivyo ila siku hizi magamba mengi yanaagizwa kutoka nje. Ukumbi wa makao yale, Sebyeonggwan, bado upo, nguzo zake ukizikumbatia mikono haikutani, na karakana jirani zake zimejengwa upya.

Sasa kilichotuweka pale mpaka jioni. Najoni ina njia mbili kubwa za kukata kombe. Ya kwanza unachukua kipande cha kombe kilichosagwa mpaka kikawa chembamba, unakibandikia mchoro wa karatasi, unakikata na msumeno mdogo kufuata mstari kisha unakilainisha kwa tupa, hii ndiyo inatoa maua, samaki, korongo. Ya pili ndiyo iliyotumaliza. Kombe linakatwa vijiti vyembamba sana, halafu fundi anapaka gundi ya ngozi ya ng'ombe, anaweka kijiti, anakisogeza kwa ncha ya kisu na kukikandamiza hapo hapo kinakatika, anasogeza, anakata, anasogeza, anakata, na kila kipande kinakaa sawa na mwenzake bila kuacha mwanya, mpaka inatokea pembe sita za gamba la kobe au mistari ya mawimbi. Tulikaa nyuma ya fundi mmoja tukawa tunasikia tu tik, tik, tik. Hakuwa anapima. Mwanachama wetu mmoja ambaye kwao ni maseremala wa Lamu, wanaojua habari za viti vya enzi na urembo wake wa mfupa, akaomba kisu ajaribu, akafaulu vipande vya mwanzo, kisha mstari ukaanza kupinda na fundi akacheka akambandulia vyote kwa pasi ndogo ya moto inayolainisha gundi. Bila kinyongo kabisa.

Na hiyo ni urembo tu. Kabla ya hapo kuna mbao inayovishwa kitambaa cha katani kwa gundi ya lakari na uji wa mchele, juu yake unga wa udongo uliochanganywa na lakari kujaza mashimo, inasuguliwa, inapakwa tena, halafu ndiyo kombe linakaa, halafu lakari inapakwa juu ya kila kitu mpaka kombe linapotea, halafu unaanza kulifukua taratibu na kusugua kwa mkaa mpaka ling'ae. Watu waliokuwa wanauliza kwa nini kisanduku cha vito kinauzwa bei ya pikipiki walinyamaza.

Lakari yenyewe ndiyo otchili, utomvu wa mti unaogemwa kiangazi mpaka vuli kwa kuchanjwa gome, na mti mmoja uliolelewa miaka kama 10 unatoa kikombe kidogo tu. Wonju ndio mji wenye jina kwa otchili, ndiyo maana Kim Bong-ryong, mzaliwa wa Tongyeong wa 1902 ambaye kazi zake zilifika maonyesho ya Paris ya 1925, baadaye alihamia huko kuufuata utomvu. Serikali ilipoanza kutangaza mafundi wa najoni kuwa urithi wa taifa mwaka 1966 alikuwa miongoni mwao. Kwa mliouliza tena kwenye grupu kuhusu utaratibu huo, ulianza na sheria ya 1962, fundi mkuu anatambuliwa na serikali, anapata posho na anatakiwa kufundisha, chini yake wapo wanaosaidia kufundisha, wapo waliohitimu na wapo wanafunzi. Shida si cheo, shida ni kijana gani atakaa miaka yote hiyo akikata vijiti wakati kodi ya nyumba Seoul haimsubiri.

Otchili ina mambo mawili ya kujua. Moja, haikauki kwa jua, inataka joto la kiasi na unyevu kama asilimia 70 mpaka 80, ndiyo maana wanaiweka kwenye kabati lenye unyevu. Mliorudi pwani mmeuliza kama huko itakauka, kwa hewa ya Tanga au Mombasa haina neno, tatizo ni kuipata. Mbili, inawasha. Siyo kuwasha kwa kujikuna ukasahau, ni upele wa malengelenge usoni na mikononi kwa wiki nzima, na siku ya darasa la kupaka tulipata majeruhi, majina nayahifadhi, mmoja alienda kazini na barakoa na miwani ya jua wakadhani amepigana. Wakorea nao hawaponi, ingawa wanachemsha kuku na magome ya mti huo huo wakala wakasema ni dawa. Msijaribu.

Basi hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Baada ya ule upele kundi moja likasema tuhamie kashu, rangi iliyoanzia Japani inayotengenezwa kwa mafuta ya maganda ya korosho, haiwashi hivyo, inakauka kwenye hewa ya kawaida na bei yake ni ya kawaida. Watu wa Mtwara mnaelewa mara moja maana mkorosho, mwembe na mti wa otchili ni ukoo mmoja, na aliyewahi kubangua korosho mbichi kwa mkono anajua yale mafuta yanavyochoma. Kundi la pili likasema bila otchili si najoni, ni mapambo tu. Maneno yakawa makali, mtu akatoka kwenye grupu usiku akarudi asubuhi.

Msimamo wangu ni huu na nitausema bila kuzunguka. Kashu haina dhambi. Makabati mengi ya najoni yaliyojaa nyumba za Korea miaka ya 1970 yalipakwa kashu, familia zikajivunia, na wengine wakaja kuyatupa barabarani walipohamia apatimenti zenye makabati ya ukutani, leo vijana wanayaokota wanayageuza meza. Kosa ni kupaka kashu ukasema otchili. Kwenye maonyesho yetu ya vuli kulikuwa na trei na visanduku vimeandikwa otchili halisi ambavyo mimi na mhazini tulijua kopo lilitoka wapi.

Mnakumbuka habari ya Sungnyemun, lile lango la kale la Seoul? Liliunguzwa Februari 2008, likajengwa upya na kufunguliwa Mei 2013 kwa ahadi kwamba kila kitu ni cha asili, pamoja na danchongi, zile rangi za kijani na nyekundu kwenye mbao za paa. Miezi michache tu rangi ikaanza kubanduka. Uchunguzi ukakuta fundi mkuu wa rangi alichanganya rangi na gundi za kiwandani kimyakimya, serikali ikamshtaki na 2022 mahakama ikaamuru alipe fidia. Ninachokiona mimi, ufundi wa rangi za asili ulikuwa umekaa miaka mingi bila kutumika, muda wa mradi ukabana, na badala ya kusema haiwezekani kwa muda huu, kopo likafunguliwa. Angesema, watu wangelalamika wiki mbili wakasubiri. Sisi chama kidogo tusiwe na lango letu la Sungnyemun kwenye meza ya maonyesho.

Kwa hiyo kamati inaleta pendekezo mlipigie kura: kila kazi inayotoka kwa jina la chama, ya kuonyeshwa au kuuzwa onlaini, iandikwe imepakwa nini, otchili, kashu au akriliki, na kombe ni kombe au ni stika. Na stika zipo, duka moja la mtaa wa Insadong, Seoul, lilimuuzia mgeni wetu kioo cha mkononi cha najoni na kombe lake likabanduka lote kama nailoni alipolifuta na kitambaa chenye maji. Wanaotaka kujifunza kwa kashu wajifunze kwa kashu, darasa la otchili liwe la hiari na kila mtu aje na glavu ndefu.

Mengine kwa haraka. Ile katuni ya Netflix, KPop Demon Hunters, yenye chui milia wa minhwa (michoro ya kienyeji ya Kikorea) na ndege wake imetuletea wageni wengi kuliko tangazo lolote, Makumbusho ya Taifa pale Yongsan yamepita watu milioni 5 kwa mwaka mmoja kwa mara ya kwanza na beji ya chui milia na ndege imekuwa ikiisha kabla hujafika dukani, kwa hiyo wazazi acheni kuniulizia mimi. Makumbusho ya ufundi pale Anguk, yaliyofunguliwa 2021, hayana kiingilio, Jumatatu wamefunga, anzieni hapo na wageni kabla ya kuwapeleka madukani. Watu wa bojagi, mwaka ujao kamati inapendekeza zamu yenu, na kitambaa cha mosi (cha nyuzi za mmea wa rami) kutoka Hansan, mtuletee bajeti.

Mhazini ameshatuma shiti ya mapato na matumizi kwenye grupu, isomeni kabla ya kuja siyo mkiwa kwenye kikao. Wasiolipa ada watasikiliza tu, kura hawana. Nafasi ya katibu msaidizi iko wazi na mimi nafasi yangu pia inapigiwa kura, anayeitaka achukue fomu kwa katibu. Na yule aliyeazima msumeno mdogo wa chama pamoja na tupa zake mbili, tafadhali uje navyo siku ya mkutano, tuna darasa wiki inayofuata.