Msiniletee gia nizing'oe

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wenye baiskeli za milimani. Mimi ni fundi baiskeli hapa Kondoa. Haipiti wiki sijaletewa baiskeli ya gia, mwenyewe ananiambia: "Fundi, zing'oe hizi, zinasumbua." Nikiangalia, cheni imekatika, au kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni kimepinda mpaka kwenye spoki. Ilikuwaje? Mlimani.

Kijana anauvaa mlima na gia nzito, anakanyaga mpaka miguu inagoma, ndipo anabadilisha, tena kasimama juu ya pedeli na uzito wake wote. Cheni gani itahimili? Gia nyepesi huwekwa mapema, kabla mwinuko haujaanza: mbele duara dogo, nyuma kubwa. Umechelewa? Legeza mguu kidogo cheni ihame, halafu kanyaga.

Na kaeni kwenye siti! Milima yetu ya Irangi si lami. Ni kokoto juu ya mchanga, na makorongo ambayo HADO, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, walianza kuhangaika nayo mwaka 1973 bado tunayo. Ukisimama hapo, uzito unalihama tairi la nyuma, linazunguka bure na wewe huendi. Sogea hadi ncha ya siti, inamisha kifua kwenye usukani, viwiko vishuke. Ukikaa wima na kuvuta usukani, tairi la mbele linanyanyuka. Wanaopanda kwenda kwenye michoro ya mapangoni Kolo wanajua ninachosema. Macho nayo yatangulie mita kadhaa. Jiwe unalolikodolea ndilo utakaloligonga.

Upepo punguzeni kidogo tairi lishike ardhi, ila si mpaka rimu iguse mawe.

Wenye dumu la lita 20 kwenye keria, hizo ni kilo 20 nyuma. Hata uiname vipi, mbele patainuka. Shuka usukume, hakuna atakayekucheka.

Ukikwama katikati ya mlima, usiondoke ukiwa umeukabili. Ilaze njia yako kwa ubavu wa mwinuko, shika breki, pedeli moja iwe juu. Kanyaga huku unaachia breki, na ukishapata mwendo ndipo ugeukie juu.

Anayetaka nizing'oe bado, nitazing'oa, ndiyo kazi yangu. Kuzirudisha ni bei nyingine.

Fundi baiskeli,
Kondoa, Dodoma