Mjomba, Modave hakuna mgeni rasmi

Shikamoo Mjomba,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikacheka, kisha nikaurudia taratibu. Unauliza watu wazima wenye akili zao wanakwendaje kujifungia kijijini siku kadhaa, hawana maabara, hawana mashine, hata profesa wa kuwasimamia hawana, halafu wanasema wako kazini. Na unauliza hizo nyuzi tunazozisoma zimeonekana wapi. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu si wewe peke yako uliyeniuliza, na kwa sababu umefundisha fizikia sekondari miaka mingi mno kwangu kukupitisha na maneno matamu.

Kijiji chenyewe kinaitwa Modave. Kiko Ubelgiji, upande wa wanaozungumza Kifaransa, si mbali na mji wa Huy. Tangu 2005 wanafunzi wa uzamivu wa vyuo vya huku wamekuwa wakiandaa hapo shule ya kiangazi ya fizikia ya hisabati. Wanaoandaa ni wanafunzi, wanaosikiliza ni wanafunzi, na wanaofundisha ni wanafunzi wenzao au watu waliomaliza uzamivu juzijuzi. Masomo ni nadharia ya nyuzi (inayodai kwamba chembe ndogo kabisa za maumbile ni nyuzi zinazotikisika), mashimo meusi (ambamo hata mwanga hauchomoki), graviti ya kwanta (jaribio la kuoanisha graviti na kanuni za kwanta, yaani za vitu vidogo mno) na hisabati inayoandamana nayo. Zana ni ubao na chaki.

Kuna jambo moja la pale ambalo lingekufurahisha kuliko nyuzi zote. Kijiji kina kasri, na kwenye miaka ya 1660 fundi mmoja aitwaye Rennequin Sualem alilijengea gurudumu la kupandisha maji kutoka mto Hoyoux ulio chini bondeni. Baadaye fundi huyohuyo akaitwa Ufaransa kujenga mtambo mkubwa wa Marly, uliopeleka maji ya mto Seine kwenye bustani za mfalme Louis wa 14. Leo kasri ni mali ya shirika la maji la Brussels, na sehemu ya maji tunayokunywa mjini hutoka kwenye chemchemi za huko. Nilikaa nikitazama mchoro wa lile gurudumu hadi nikachelewa kipindi. Ni wewe uliyenifundisha kupenda mashine.

Sasa, habari ya kutokuwa na mkubwa. Unajua mkutano wa kitaaluma kwetu unavyokuwa. Bango kubwa ukutani, meza kuu ina kitambaa na chupa za maji, mgeni rasmi anasubiriwa hadi chai inapoa, halafu itifaki inazingatiwa kwa dakika ishirini kabla mtu hajasema neno moja la fizikia. Picha ya pamoja. Fomu ya posho. Anayejua kitu katika chumba kile mara nyingi ni kijana aliyekaa nyuma, na hataulizwa. Modave anayetangulia kufika anafuta ubao, na hapo ufunguzi umekwisha. Posho hakuna.

Wala usidhani kwamba Wazungu wamepona ugonjwa huu. Mikutano yao mikubwa ina meza kuu isiyo na kitambaa. Ukisimama kuuliza swali mbele ya maprofesa ambao mwakani ndio watakaosoma maombi yako ya kazi, swali lako linakuwa usaili. Kwa hiyo watu huuliza maswali ya kuonyesha kwamba wanajua, na wasiojua hunyamaza. Nimehudhuria mihadhara ambayo, nikiangalia nyuso za wenzangu, nina hakika robo tatu ya chumba tulipotea kwenye ukurasa wa tatu tukaendelea kutikisa vichwa hadi mwisho.

Asubuhi moja pale Modave dada mmoja kutoka Chile alikuwa ubaoni. Unaikumbuka sonometa uliyokuwa ukituwekea mezani? Waya uliokazwa una mtikisiko wake wa msingi, halafu wenye masafa mara mbili ya huo, mara tatu, mara nne, na kuendelea. Uzi wa nadharia hii hutikisika vivyo hivyo, ila unafuata kanuni za kwanta. Na kanuni hizo zinasema kwamba kila mtikisiko, hata ukitulia kabisa, unabaki na nusu ya kipande chake cha nishati. Mitikisiko haina idadi, basi jumla ya masalia hayo ni nusu ya 1 + 2 + 3 + 4 na kwenda mbele bila kikomo. Dada yule akaandika kwamba jumla ya 1 + 2 + 3 + 4 na kuendelea ni −1/12, akageuka aendelee na mstari unaofuata.

Kijana aliyekaa karibu na dirisha akasema, "Ngoja kwanza." Akauliza namba nzima zote chanya zinajumlishwaje zikazaa sehemu, tena hasi.

Hilo, Mjomba, ni swali ambalo mwanafunzi wako wa kidato cha pili angeliuliza. Kwenye ukumbi mkubwa lingemfedhehesha mwulizaji. Pale chumba kizima kililipokea kama mvua. Ikadhihirika kwamba wengi wetu tumelitumia jibu hilo kwa miaka, tumelinukuu kwenye mitihani, na hakuna aliyekuwa tayari kulitetea kwa chaki mkononi. Dada wa Chile akasema wazi kwamba na yeye alilikuta kitabuni likiwa limeshapikwa. Ratiba ikawekwa pembeni.

Tulichofanya hadi saa ya chakula ni hiki. Badala ya kujumlisha kichwakichwa, kila namba unaizidisha kwa kitu kinachofifisha zile kubwa, kwa sababu hakuna anayedai nadharia yetu inajua kitu kuhusu masafa yasiyo na mwisho. Ukifanya hivyo jumla inagawanyika vipande viwili. Kimoja kinakua bila kikomo kadiri unavyopunguza ufifishaji. Cha pili hakijali umefifisha kwa njia gani, nacho ni −1/12. Kile kinachokua kinategemea tu urefu wa uzi, kwa hiyo kinamezwa na nishati ambayo uzi unayo kwa kila kipande cha urefu wake, na ulinganifu wa nadharia unadai hesabu hiyo ifutike kabisa. Kinachobaki ndicho chenye maana. Mtu akakumbusha kwamba hila ileile ndiyo inayotoa nguvu ya Casimir, ile inayovutanisha bamba mbili za chuma zilizokaribiana katika ombwe. Mholanzi Hendrik Casimir aliitabiri 1948, na ilipofika 1997 ikapimwa maabara kwa usahihi mzuri. Kwa hiyo −1/12 si mazingaombwe. Binamu zake wamepimwa kwa vyombo.

Kuanzia hapo mambo yanakwenda haraka. Kila upande ambao uzi unaweza kutikisikia kwa ubavu unachangia −1/24. Mtikisiko wa kwanza juu ya utulivu una pande hizo za ubavu tu, kama mwanga, na kitu cha namna hiyo lazima kiwe hakina uzito. Ili uzito uwe sifuri, pande za ubavu lazima ziwe 24. Ongeza wakati, ongeza upande unaofuata uzi wenyewe, unapata dimensheni 26. Ukitia chembe za jamii ya elektroni kwenye hesabu zinashuka hadi 10. Sisi tunazijua nne tu, tatu za nafasi na moja ya wakati, kwa hiyo najua utauliza zile 6 za ziada ziko wapi. Jibu la kawaida ni kwamba zimejikunja zikawa ndogo mno, na ndiyo, ni jibu linalokera.

Kitu kingine ambacho kingefaa kuwekwa ukutani darasani kwako: jumla hiyo ya −1/12 iko kwenye barua ambayo Mhindi Srinivasa Ramanujan alimwandikia mwanahisabati G. H. Hardy wa Cambridge mwaka 1913. Alikuwa karani wa mahesabu bandarini Madras.

Nirudi kwenye swali lako gumu. Nyuzi zimeonekana wapi? Hazijaonekana popote. Urefu unaodhaniwa kuwa wake ni kama 10⁻³⁵ ya mita, na hakuna mtambo wowote uliopo wala unaojengwa utakaofika huko. Mtambo mkubwa wa CERN, maabara ya Ulaya ya kugonganisha chembe, ulithibitisha chembe ya Higgs mwaka 2012, lakini zile chembe pacha za supasimetria (wazo kwamba kila chembe tunayoijua ina pacha wake) ambazo wengi wetu walizitarajia hazijajitokeza. Anayekwambia nadharia hii imethibitishwa anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Wapo pia wanaosema tuache, kwamba tumepoteza vizazi viwili vya vijana wenye vipaji. Sikubaliani nao, lakini siwaiti wajinga.

Kinachonifanya nibaki ni historia yake na hesabu moja. Historia: mwaka 1968 mwanafizikia Gabriele Veneziano aliandika fomula ya kueleza chembe za nguvu kali ya kiini cha atomu. Muda mfupi baadaye wanafizikia Nambu, Nielsen na Susskind, kila mmoja kwa njia yake, wakatambua kwamba fomula hiyo inaeleza uzi unaotikisika. Ikashindwa kazi yake, kwa sababu kila mara ilizaa chembe moja isiyotakiwa, isiyo na uzito, ambayo haimo kwenye kiini. Mwaka 1974 Joël Scherk na John Schwarz wakageuza meza: chembe hiyo ndiyo mbebaji wa graviti. Nadharia iliyokuwa inafukuzwa kwa kosa hilo ikawa ndiyo inayobeba kitu ambacho nadharia nyingine za kwanta zilikuwa zinakitafuta. Ilichukua miaka kumi watu kusikiliza. Mwaka 1984 Schwarz na Michael Green walikamilisha hesabu iliyobadilisha mambo wakiwa Aspen, huko milimani Colorado, mahali ambapo wanafizikia hukusanyika kiangazi bila ratiba kali. Schwarz mwenyewe amesimulia kwamba tangazo la kwanza lilitoka kwenye mchezo wa kuchekesha wa jioni: alisimama akajifanya mtu aliyepagawa, akidai amepata nadharia ya kila kitu, na wenzake wakamtoa nje kama mgonjwa.

Hesabu: wanafizikia Hawking na Bekenstein walikuwa wameonyesha miaka ya 1970 kwamba shimo jeusi lina entropia, na kwamba kipimo chake ni robo ya eneo la uso wake. Lakini entropia hupima idadi ya namna kitu kinavyoweza kupangika ndani, na hakuna aliyejua ndani ya shimo jeusi kuna nini cha kupanga. Mwaka 1996 Andrew Strominger na Cumrun Vafa walihesabu mipangilio hiyo mmoja mmoja kwa nadharia ya nyuzi, kwa aina fulani maalumu ya mashimo meusi, wakapata robo hiyohiyo kamili. Inaweza kuwa bahati. Mimi nimeirudia hesabu ile kwa mkono wangu na siamini ni bahati.

Na vitu hivi haviishii chumbani. Mihadhara ya Modave huandikwa ikagawiwa bure. Mwaka 2006 Geoffrey Compère, wakati huo bado mwanafunzi wa uzamivu Brussels, alifundisha pale mekanika ya mashimo meusi, na mimi nilijifunza sheria nne za mashimo hayo kutoka kwenye maandishi yake kabla sijakanyaga Ulaya. Niliyapata arXiv, ghala la mtandaoni la makala za kisayansi ambalo Paul Ginsparg alilianzisha Los Alamos mwezi wa Agosti 1991 kwa ajili ya kabila hilihili la watu wa nyuzi. Kabla ya hapo rasimu zilitumwa kwa posta, na kwa kawaida ziliishia kwenye vyuo vyenye majina. Sasa aliye Tanga na aliye Princeton wanasoma karatasi ileile asubuhi ileile.

Ila karatasi haikujibu ukisema "ngoja kwanza." Hapo ndipo tulipokwama sisi. Rafiki yangu wa Dodoma, ambaye kwa hesabu ananizidi, alipata nafasi kwenye shule ya namna hii akanyimwa viza, barua ya mistari miwili. Anasoma peke yake usiku, na akikwama anakwama wiki tatu mahali ambapo mtu mmoja mbele ya ubao angemtoa kwa robo saa. Kigali kuna taasisi ya fizikia iliyofunguliwa 2018 kwa ushirikiano na ile ya Trieste, Italia, aliyoianzisha mwanafizikia Abdus Salam, nayo Mtanzania huingia bila viza. Nimemwambia aombe. Lakini hata hiyo ina maprofesa, mitihani na vyeti, nami nataka pia kitu kisicho na cheti.

Kwa hiyo nikija likizo mwezi wa saba nataka tujaribu Lushoto. Watu wanane au kumi, siku chache, kila mmoja afundishe kitu kimoja anachokijua na akubali kukatizwa. Baridi ya kule itatubakiza ndani. Chakula tutachangishana. Ninakuomba wewe uje ukae mstari wa mbele na uulize kila kitu kisichoeleweka, bila kutuonea haya, kama ulivyokuwa ukisahihisha madaftari yetu.

Na kabla ya hapo niulizie kwa fundi seremala pale karibu na soko, ubao wa mbao wa futi nane uliopakwa rangi nyeusi ni shilingi ngapi, na kama unaweza kupanda juu ya Noah. Ule mweupe wa kalamu sitaki, wino wake hukauka mtu akiwa katikati ya mlinganyo.

Wasalimie wote nyumbani.

Mpwa wako,
Brussels