Saa zako za mwisho kabla ya ndege

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaikum. Utakaporudi Arua siku ya Alhamisi kutoka kwa shangazi yako Koboko, nyumba itakuwa imejaa majirani waliokuja kukuaga, nasi hatutapata nafasi ya kuzungumza kwa utulivu. Ndiyo maana nimeona nikuandikie mapema. Basi la usiku litakufikisha Kampala alfajiri ya Ijumaa, na ndege yako ya Doha itaondoka saa tano usiku. Hapo katikati una kutwa nzima, pamoja na masanduku mawili.

Ninakuomba usishinde Kampala kutwa. Najua unatamani kupita soko la Owino, lakini vitenge hata hapa Arua vipo tele. Mwaka 1998 nami nilijiona mjanja, nikaacha begi langu kwa mwenye kibanda karibu na kituo cha mabasi ili nitembee mikono mitupu. Niliporudi nilikuta kibanda kimefungwa, na mwenyewe amekwenda mazishini na ufunguo wake mfukoni. Nililala juu ya benchi nikimsubiri, na hadi leo mama yako hunicheka.

Panda gari la kwenda Entebbe, ulipo uwanja wa ndege, asubuhi hiyohiyo, wakati watu wengi wanaingia mjini nawe unatoka. Ni kilomita 40 hivi, lakini Ijumaa jioni safari hiyo huweza kukutoa machozi, kwa kuwa hata ile barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2018 haikusaidii kitu kabla hujajinasua kwenye msongamano wa mjini. Ukifika, tafuta nyumba ya wageni iliyo karibu na ziwa, uwaulize bei ya kupumzika mchana tu, bila kulala. Kwa kuwa wageni wa jana huondoka mnamo saa nne au saa tano, huenda chumba kisiwe tayari. Basi waachie mizigo mapokezi, na wakuandikie karatasi inayotaja idadi yake. Fedha, pasipoti na simu zisikutoke mwilini.

Wakati wakifagia chumba, nenda katika bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1898, ukae chini ya miti ile mikubwa inayotazama ziwa. Usiende na mfuko wa chapati mkononi, maana tumbili wa pale hawana adabu hata kidogo. Mbega wao hukaa juu wakikutazama kama wazee wa baraza. Baadaye rudi, uoge, ulale saa mbili tatu, ubadilishe nguo ulizosafiria usiku kucha. Saa moja na nusu jioni uwe njiani kwenda uwanjani, kwa sababu utapenda kufika muda wa saa tatu kabla ndege haijaondoka, na ukaguzi huanzia getini.

Sasa nije kwenye asali, ambayo mama yako hataki kusikia ikipunguzwa. Jerikeni ile ni ya lita 5, naye anadhani ni kilo 5, kumbe asali ni nzito kuliko maji na imefika kilo 7. Nimeipima kwa mizani ya duka la tumbaku. Tiketi yako inaruhusu kilo 23 kwa kila sanduku, kwa hiyo asali tumeitia katika lile la buluu pamoja na nguo nyepesi. Nimekata kipande cha nailoni, nikakitandaza mdomoni mwa jerikeni kabla ya kukaza mfuniko, kisha nikaizungushia mpira wa baiskeli na kuivisha mifuko miwili. Siagi ya karanga na ufuta nayo isikae kwenye mkoba wa mkononi, maana wakaguzi huihesabu kama kimiminika, nacho hakiruhusiwi kuzidi mililita 100. Betri ile ya kuchajia simu ndiyo ikae mkononi, kamwe isiingie sandukuni.

Tangu jana nimeilaza jerikeni ubavu juu ya gazeti, nione kama itavuja. Hadi naandika haya gazeti ni kavu, ila mama yako ameinama pale anakagua kona moja anayodai imelowa.

Ni mimi baba yako.